MAJIVU YANA WENYEWE

Ndugu wanachama, kila ghala, duka au bweni linapoungua katika nchi hii, kabla majivu hayajapoa twaambiwa maneno matatu: hitilafu ya umeme. Nani aliyachunguza majivu hayo? Kwa kipimo gani? Hatuambiwi.

Moto mkali huyeyusha waya wa shaba hata kama umeme haukuwa na kosa lolote. Waya huo waweza kuwa ndio uliowasha, waweza kuwa umeunguzwa tu na moto wenyewe, na kuyatenga mambo hayo mawili ni kazi ya fundi na darubini, si ya msemaji aliyesimama barabarani. Mwongozo wa wachunguzi wa Marekani, NFPA 921, tangu toleo la 2011 unamkataza mchunguzi kutaja chanzo asichokuwa na ushahidi nacho, ati kwa kuwa vyanzo vingine amevikosa. Na kosa la namna hii huua. Mwaka 2004 jimbo la Texas lilimwua Cameron Todd Willingham kwa ajili ya moto wa 1991 uliowateketeza binti zake watatu. Wataalamu waliopitia ushahidi wakasema alama zilizoitwa za mafuta yaliyomwagwa hazikuthibitisha kitu.

Sisi wa Lagangabilili jambo hili latuhusu kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Tunalima pamba. Cheche ikiingia katika robota kiwandani, pamba yaweza kufuka ndani kwa ndani siku kadhaa pasipo mtu kujua, kisha usiku mmoja ghala zima likawaka. Asubuhi nani wa kwanza kukamatwa? Mlinzi! Kabwela mwenye rungu na tochi, ati alilala, ati alivuta sigara. Robota lile lilitoka kiwandani lini? Hakuna anayeuliza.

Mwenye hati ya bima akiunguliwa, kampuni humleta mkadiriaji wake, akapima, akapiga picha, akachukua vipande. Lakini taarifa huipeleka kwa aliyemlipa, naye hulipa ili ajue kama ataweza kukwepa kulipa. (Nasema hivyo bila haya.) Asiye na bima hana hata huyo: fagio lapita, ushahidi wake uko jalalani.

Kariakoo, soko alilolifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1975, liliungua usiku wa 10 Julai 2021, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaunda tume ya uchunguzi. Vema kabisa. Ghala la chama cha msingi likiungua Itilima, tume yake ni nani? Mkulima aliyekwisha kupima pamba yake na hajalipwa, aende kumwuliza nani?

Hatuombi sadaka. Twadai Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipewe wachunguzi na vipimo vya kutosha hadi mkoani Simiyu. Mahali palipoungua pazungushiwe kamba kabla ya fagio kupita. Na taarifa isomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa hadhara, mbele ya waliounguliwa, na mlinzi awepo, tena akiwa huru.