Mkanda Bila Pumse ni Kitambaa Tu

Huku Diani kila kijana anayependa mateke atakuambia: pumse ni densi tu, twende tukapigane. Mimi nakataa, na nitaanza na pesa kabla ya falsafa.

Kupigana kwa taekwondo ya mashindano kunataka kikinga kifua, kofia, mikeka, na siku hizi soksi zenye vihisi. Mtoto wa Msambweni ambaye babake anangoja kusi ipungue ndio aingie baharini atavitoa wapi? Pumse inataka hatua chache za mchanga na mtu wa kukusahihisha. Maji yakipwa, uwanja ni wako. Anayeidharau anamfungia mtoto huyo mlango.

“Lakini Olimpiki hakuna pumse.” Kweli, kule ni kupigana tu. Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya Tokyo mwaka 2021, na heshima yake tunampa. Ila pumse nayo ina mashindano ya dunia tangu 2006. Na hata isingekuwa nayo, wangapi kati yetu tunaenda Olimpiki?

Taegeuk ziko nane: mbingu, ziwa, moto, radi, upepo, maji, mlima, ardhi. Ya kwanza ina miondoko 18, na inakurudisha palepale ulipoanzia. Ukiishia pembeni, nyayo zako mchangani zitakusema. Hapo huna mpinzani wa kumlaumu. Kabla hujamdhibiti mwenzako, jidhibiti wewe. Wacheza kirumbizi wa Lamu wanalijua hilo: fimbo hufuata ngoma, na asiyeisikiliza ngoma huumiza watu.

Kinachonikera zaidi ni wauza mikanda. Nimefanya mazoezi kwenye klabu moja ambako ada ya mtihani ikilipwa, rangi inabadilika, hata kama mtoto hajui ageukie wapi. Mimi niliacha chuo kikuu, sina karatasi ya kutundika ukutani. Lakini afadhali ukuta mtupu kuliko mkanda wa kununua, maana mwenye nao anaingia kwenye ugomvi akidhani anaweza.

Sawa, hakuna atakayekuvamia stendi ya Ukunda kwa kufuata mpangilio wa Taegeuk. Wala hakuna anayepiga stori kwa alifu, bee, tee. Lakini nani alijua kusoma bila kuanzia pale?

Kama una mdogo wako anayefanya mazoezi, kabla hamjatoa ada ya mkanda mwambie akuonyeshe pumse yake hapo uani. Akikwama, hela ibaki mfukoni. Kisha nenda ukamuulize mwalimu anafundisha nini.