Ngazi ya Kuazima, Kiuno cha Mwenyewe

Wiki hii tunapanda juu, ila polepole, maana wengi waliopanda haraka walishuka haraka zaidi.

Kule kusini, Oktoba ikiingia na minada ya korosho ikianza, mitaa hubadilika sura. Mwenye mshiko anataka nyumba ing'are. Vumbi jekundu lililoganda ukutani tangu kiangazi linasuguliwa kwa brashi na sabuni, rangi inapakwa, vioo vya juu vinafutwa. Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kuna sababu nzito kuliko urembo. Mchanga wa kule juu unakunywa maji, mito haipo, na tangu enzi za wazee watu wamezoea kukinga mvua inayotoka kwenye bati. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, lakini mpaka leo wapo wanaotegemea kisima au tangi la mvua pembeni ya nyumba. Kwa hiyo kabla mvua hazijaanza, Novemba au Desemba, bati lifagiliwe na gata lizolewe majani na mavi ya ndege.

Nani anapanda? Si baba mwenye nyumba, ana kiuno. Anaitwa kijana wa jirani, anaazimwa ngazi ya mianzi, anapewa ndoo na ufagio.

"Mzee, hii ngazi mbona inacheza?"

"Panda mwanangu, ngazi hiyo ina miaka kumi, haijamwangusha mtu!"

Haya bwana. Ngazi yenye miaka kumi ndiyo ya kuogopa. Kamba zimeoza, mwanzi umeliwa na wadudu, na kila aliyepita ameacha ufa wake. Haijamwangusha mtu kwa sababu zamu yake haijafika.

Kinachotuponza ni ule ufupi. Nyumba ya chini si ghorofa, tunasema, "ni hapo tu". Sasa piga hesabu. Mtu akidondoka kutoka mita 3, anafika chini kabla sekunde moja haijaisha, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Jifikirie unarushwa kutoka kwenye pikipiki yenye mwendo huo, kichwa kikitangulia, na chini ni sakafu ya saruji au ukingo wa kisima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka kwa kila namna kunaua watu 684,000 kwa mwaka duniani. Kwa vifo vya ajali kunashika nafasi ya pili, nyuma ya barabara.

Ajabu ni hii. Kule Dubai kuna jengo la Burj Khalifa, mita 828, lilifunguliwa mwaka 2010. Waosha vioo wanaoning'inia kwenye maghorofa marefu namna ile hufungwa mkanda mwilini na kamba mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Mshikaji wetu wa mita 4 ana kandambili na Bismillah. Mungu tunamwomba kila siku, lakini kamba tufunge wenyewe.

Tena nusu ya kazi hizi haihitaji kupanda kabisa. Ukuta unaoshwa ukiwa umesimama chini: funga brashi au rola kwenye mwanzi mrefu, sugua mpaka uchoke. Bati nalo lina mfagiaji wake wa bure. Mvua ya kwanza usiipokee kisimani. Geuza bomba, iache ioshe vumbi na uchafu, kisha pokea zinazofuata. Gata lenyewe litataka mkono, lakini hapo umeshapunguza safari za juu.

Ikibidi kupanda, basi pandeni kiutu uzima. Ngazi ikaguliwe kipago kwa kipago. Kama inagusa ukuta kwenye urefu wa mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Isiegemezwe kwenye gata, gata ni la maji, halibebi mtu. Juu ifungwe kamba, chini ashike mtu mzima, si mtoto anayeangalia mpira. Mpandaji avue kandambili, ndoo ipandishwe kwa kamba, mkono mmoja usiache ngazi. Waya wa umeme ukipita karibu, usicheze na mwanzi uliolowa wala bomba la chuma. Na bati bichi kwa umande, au bati kuukuu lililokula kutu, usilikanyage.

Sasa tuzungumze na wenye nyumba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde anayemfanyia kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo tangu 2015. Lakini yule kijana wa nusu siku, asiye na mkataba, nani amemchangia? Akivunjika, mwenye nyumba anatoa nauli na pole, halafu kimya. Mama yake ndiye anayelala kwenye benchi Hospitali ya Mkomaindo pale Masasi, na shamba la korosho linauzwa kwa bei ya kutupa. Ukiwa na pesa ya rangi, huna pesa ya kamba?

Na akidondoka, jamani, msimnyanyue kwa mikono na miguu kama gunia, wala msimbane katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Mti wa mgongo ukiwa umepata ufa, mnaumalizia nyie. Mwacheni alale, mshikeni kichwa na shingo visicheze, msimpe maji wala chakula. Tafuteni gari. Pakikosekana machela, ng'oeni mlango, alazwe juu yake, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja.

Mlango unarudishwa kwa misumari sita. Kiuno cha mtoto wa mwenzio hakina msumari. Mwenye nyumba, kabla hujasema "panda mwanangu", itikise hiyo ngazi mwenyewe. Kama usingempandisha mwanao wa kumzaa, basi mwambie na huyu ashuke.

Tuonane wiki ijayo, tukiwa chini.