Fumba macho: je, mkorosho wako unauona?

Fumba macho kidogo. Fikiria mkorosho ulio karibu na nyumba yako, Newala au Masasi, msimu wa mavuno, mabibo mekundu na ya njano yamedondoka chini. Unauona kama picha? Au unajua tu kwamba upo na una matawi mapana, lakini kichwani ni giza tupu?

Watu hujibu tofauti, na wote husema kweli. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowaomba waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa. Baadhi waliiona na rangi zake zote. Wengine, wakiwemo wanasayansi, walishangaa; wao walidhani "kuona kichwani" ni namna ya kusema tu. Mwaka 2015 daktari Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo ya kutoona picha jina la afantasia. Inakadiriwa kuwa nayo ni takriban mtu mmoja kati ya mia. Si ugonjwa wala upungufu wa akili, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda hospitali, wala kwa mganga. Wengi wao hata huota ndoto zenye picha.

Tunalileta sasa kwa sababu ya shule. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, na sanaa ni miongoni mwa fani zake. Kwetu kusini, ukitaja sanaa umetaja kinyago. Husemwa kwamba mchongaji hulitazama gogo la mpingo akaiona sura ndani yake kabla hajashika tezo. Tukiamini hivyo, mtoto anayeambiwa "fumba macho, uone picha, kisha uichore," akabaki na karatasi tupu, ataitwa mvivu au asiye na kipaji.

Sisi tunaona hilo ni kosa. Tazama vinyago vya mashetani, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950. Mara nyingi hufuata mikunjo na vifundo vya mti wenyewe. Gogo liko mbele ya macho: mkono unapunguza, jicho linakagua, mkono unapunguza tena. Hata Glen Keane, mchoraji maarufu wa katuni za Disney, amesema haoni picha kichwani. Huanza kwa kuchorachora ovyo kwenye karatasi mpaka umbo lijitokeze.

Kwa hiyo, mwalimu, mtoto akishindwa kuchora kwa kufumba macho, mpe jani la mkorosho mkononi, au kipande cha mti laini na kisu, kisha mwache aanze. Na mzazi, leo jioni waulize wanao swali la mkorosho. Msishangae mkipishana ndani ya nyumba moja.