Dawa ya siku moja isiwe ya matajiri pekee

Msomaji, iwapo umewahi kumuuguza mtu mwenye meninjaitisi inayoletwa na kuvu aina ya kriptokokasi, basi jina amfoterisini B si geni kwako. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye virusi vya Ukimwi ambao kinga yao imedhoofika. Dawa hiyo, iliyogunduliwa miaka ya 1950, huua kuvu kwelikweli. Taabu ni kwamba humwadhibu mgonjwa pia: humtia homa na baridi ya kutetemesha, huumiza figo na hupunguza damu. Na hutiwa mshipani siku baada ya siku.

Wataalamu walipata njia ya kuifungia dawa hiyohiyo ndani ya vitufe vya mafuta viitwavyo liposomu. Kitufe kimoja hakifiki nanomita 100, ilhali unywele wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi. Dawa hutulia humo ikizunguka katika damu, isizisumbue sana figo, hadi kitufe kinapogusana na kuvu. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni usafiri wake.

Je, inafaa? Utafiti uitwao AMBITION, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2022, ulihusisha wagonjwa 814 katika nchi za Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Nusu walipewa dozi moja tu, kubwa, ya dawa ya liposomu, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Wenzao walitiwa ile ya kale kwa siku saba. Baada ya wiki 10, asilimia 24.8 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, na asilimia 28.7 ya kundi la pili. Madhara makali nayo yalipungua. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Bado karibu mmoja kati ya wanne alikufa. Kwa hivyo anayekwambia kwamba nano ni muujiza, huyo ana kitu anachokuuzia.

Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka wa 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Mtu wa kilo 60 huhitaji vichupa 12, yaani dola 195 kwa bei hiyo. Ni nyingi, naam. Lakini hesabu pia kitanda, dripu na vipimo vya figo vya wiki nzima. Kwa maoni yangu, kaunti zinapaswa kuiweka dawa hii tayari kabla mgonjwa hajafika, wala jamaa wasikabidhiwe karatasi na kutumwa kuzunguka maduka ya dawa mjini.

Ukiwa na mgonjwa wodini, muulize daktari kama dawa ya liposomu ipo, na kama flusitosini ipo. Naye mwenye virusi ambaye CD4 zake ziko chini ya 200 aombe kipimo cha damu cha kriptokokasi mapema, kabla kichwa hakijaanza kumuuma.