Tustroki za zamani zinapanda bei, wenye kanuni wanatazama tu

Mei 1997, mbio za mwisho za msimu wa supercross pale Las Vegas, Marekani. Doug Henry, jamaa aliyevunjika mgongo miaka miwili kabla, alijipanga kwenye geti akiwa na Yamaha yenye mlio wa ajabu. Wapinzani wake walikuwa juu ya pikipiki zinazolia kama nyuki waliochokozwa. Yake ilinguruma kama trekta. Bendera ya mwisho ilipopepea, trekta ndiyo ilikuwa mbele.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa injini ya mipigo minne kushinda supercross ya AMA. Mwaka uliofuata Henry akabeba ubingwa wa motokrosi wa daraja la 250 kwa Yamaha YZ400F, na viwanda vikaanza kuzifungia virago pikipiki za mipigo miwili, zile ambazo mafundi huziita tustroki. Honda ikaachana na CR500R mwaka 2001. Kawasaki ikaizika KX500 mwaka 2004. Mwaka 2007 Honda ikatoa CR125R na CR250R za mwisho, basi.

Kwa hesabu za kawaida, mashine iliyotelekezwa na kiwanda chake hushuka bei mwaka hadi mwaka mpaka iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Hizi zimegoma. CR500R safi ya miaka ile ya mwisho leo inaweza kuuzwa ghali kuliko ilivyokuwa mpya dukani, na watu wanaigombania. Hata zile za kawaida zilizokuwa zimelala nyuma ya gereji bila matairi, sasa zinaulizwa.

Kwa nini? Wengi hujibu haraka kwamba ni wazee wanaotafuta ujana wao. Kuna ukweli hapo. Kijana aliyebandika picha ya Jeremy McGrath ukutani mwaka 1993 leo ana miaka hamsini kasoro, ana kazi, watoto wamekua, na hela ya kununua kile ambacho baba yake alimnyima. Lakini jibu hilo pekee linaficha jambo kubwa zaidi, na ndilo ambalo wanaosimamia mchezo huu hawapendi kulisikia: hizi pikipiki zinatafutwa kwa sababu zilikuwa sahihi, na ziliondolewa uwanjani na kanuni za karatasini pamoja na soko, si kwa kushindwa kazi.

Tustroki si mgeni kwa msomaji wa huku. Ni ile Yamaha DT au AG100 ya bwana shamba na ya padri wa parokia ya mbali. Ni Vespa ya mzee wa Unguja. Ni mashine ya boti ya mvuvi anayechanganya petroli na oili kwenye dumu kabla ya kuingia baharini. Injini yake inawaka kila krenki inapozunguka mara moja. Ya mipigo minne, kama ilivyo Boxer ya bodaboda, inawaka mara moja kila mizunguko miwili. Tustroki haina valvu kichwani wala kemshafti. Vitu vinavyotembea ndani yake ni vichache mno: pistoni na ringi zake, konrodi, krenki, basi umekaribia kumaliza.

Uchache huo ndio unaoleta wepesi. Yamaha YZ250 ya mipigo miwili ikiwa imejazwa mafuta ina uzito wa kilo 103 hivi. Nduguye YZ450F wa mipigo minne anazidi kwa kilo sita au zaidi. Kilo sita mezani hazionekani kitu. Kilo sita zikiwa angani, kwenye tuta la futi sabini, na mikono imeshachoka, ni habari nyingine kabisa.

Halafu kuna tabia yake. Injini ya mipigo minne inavuta kuanzia chini, taratibu, inasamehe. Tustroki ya motokrosi inakaa kimya kwanza, kisha ghafla inaamka na kukutoa mabega. Ukikosea gia, imelala. Ukivuta moto kwa pupa, imekutupa. Dereva anafanya kazi muda wote, kidole hakitoki kwenye klachi. Ni kama namba kumi wa zamani, yule ambaye kocha wa sasa atamweka benchi kwa sababu hakabi, lakini akishika mpira uwanja mzima unasimama. Jay-Jay Okocha hangepita kwenye takwimu za kompyuta za leo, na bado watu wanalipia bando kuangalia video zake.

McGrath ndiye mfano mzuri. Mwaka 1996 alishinda mbio 14 kati ya 15 za supercross akiwa na Honda CR250R. Kumi na nne! Msimu uliofuata Honda ikaleta CR250R yenye fremu ya alumini, ngumu kama mbao, McGrath akaondoka kwenda Suzuki, na taji la 1997 likaenda kwa Jeff Emig wa Kawasaki. Ndiyo maana leo mnunuzi anayejua mambo akiambiwa "CR250R ya tisini na saba" anauliza kama hakuna ya tisini na sita. Tofauti ya mwaka mmoja tu, ila moja ina fremu ya chuma iliyompa mfalme ubingwa na nyingine ina fremu iliyomfukuza.

Sasa twende kwenye kanuni, maana hapo ndipo palipooza. Hoja ya awali ilikuwa na mantiki: kwa kuwa injini ya mipigo minne inawaka nusu ya mara za tustroki, iruhusiwe kuwa kubwa zaidi ili mapambano yawe ya haki. Sawa. Lakini walivyoipima! Tustroki ya 125 ikawekwa daraja moja na ya mipigo minne ya 250, mara mbili kamili. Ya 250 ikawekwa na 450. Wakati kanuni zinaandikwa, injini za mipigo minne zilikuwa nzito na za kizamani. Viwanda vilipoingiza akili na fedha zao zote huko, pengo likafutika, na kanuni ikabaki palepale kama refa aliyesahau saa.

James Stewart aliweza kuipinga hesabu hiyo kwa kipaji. Mwaka 2004 alitwaa ubingwa wa Marekani wa daraja la 125 akiwa na Kawasaki KX125 ya mipigo miwili huku akizungukwa na pikipiki za 250 za mipigo minne. Baada yake hakuna 125 ya mipigo miwili iliyochukua tena taji lile. Ukihitaji Stewart ili mzani ukae sawa, mzani wenyewe una kasoro.

Sheria za moshi nazo zilichangia, hasa za California, soko ambalo hakuna kiwanda kinachotaka kulikosa. Hapa lazima watetezi wa tustroki wawe wakweli: inachoma oili pamoja na petroli, na sehemu ya mafuta hutoka bila kuungua. Kwa magari na pikipiki za mjini, zinazotembea kwa maelfu kila siku, kuziondoa ilikuwa sahihi. Lakini kwa pikipiki ishirini zinazokimbia Jumapili moja kwa mwezi kwenye shamba? Na KTM tangu matoleo ya 2018 imekuwa ikiuza tustroki za enduro zinazopuliziwa mafuta kwa pampu badala ya kabureta, kwa hiyo wanaosema teknolojia hii imefika mwisho wanaongea bila kuangalia.

Tatizo la kweli ni gharama. Pistoni ya tustroki ikichoka, kijana mwenye spana chache na akili timamu anafungua kichwa na silinda mchana, jioni pikipiki inaunguruma. Gasketi, ringi, pistoni, umemaliza. Injini ya mipigo minne ya mashindano ni kitu kingine. Inazunguka kwa kasi kubwa ikiwa na valvu za titani, kemshafti, cheni ya taimingi, na vipimo vya nywele. Ikichelewa kuhudumiwa, valvu moja ikikutana na pistoni, inabomoka na vyote vilivyo jirani. Bili yake inaweza kununua tustroki nyingine iliyotumika. Familia nyingi zilianza kuijua tofauti hiyo siku ya kwanza injini ilipolipuka, na kuanzia hapo baba akaanza kutafuta YZ250 ya mkononi.

Upande wa wakusanyaji, mambo yamekuwa ya ajabu kidogo. Mwaka 2011 Husqvarna 400 Cross iliyowahi kumilikiwa na mcheza filamu Steve McQueen, nyota aliyeonekana kwenye filamu ya On Any Sunday ya 1971, ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola 100,000. Hapo watu wananunua jina. Maico 490 ya 1981 inatafutwa kwa sababu nyingine: wengi wanaihesabu kuwa pikipiki bora ya daraja kubwa kuwahi kutengenezwa, na kiwanda chake cha Ujerumani kilifilisika miaka miwili tu baadaye. Halafu kuna zile za timu za kiwanda za kabla ya 1986, mwaka ambao AMA ilianza kulazimisha timu zikimbie na pikipiki zinazotokana na zile za dukani. Nyingi ziliharibiwa na viwanda vyenyewe ili siri zisitoke. Chache zilizopona, bei yake anaijua muuzaji na Mungu wake.

Hakuna ubaya wa mtu kuweka pikipiki sebuleni. Ni mali yake. Ubaya unaanza pale mashine iliyokuwa mkombozi wa mtu wa kipato cha chini inapopandishwa bei na watu wasiokusudia kuiwasha. Kila CR250R inayofutwa vumbi na kuwekwa chini ya taa ni moja iliyopungua kwa kijana anayetaka kukimbia. Spea nazo zinafuata mkondo huo. Plastiki mpya za kuiga zinapatikana, pistoni zinapatikana, lakini gia na silinda halisi za Honda iliyoachwa miaka karibu ishirini zinasakwa kama almasi.

Kwa anayetaka kukimbia, si kupamba nyumba, Yamaha YZ250 ndiyo jibu. Fremu yake ya alumini ilikuja 2005 na tangu hapo haikubadilika sana, kwa hiyo spea nyingi za pikipiki ya zamani bado zinatengenezwa kwa ajili ya mpya. Na hata ikinunuliwa mpya, bei yake Marekani iko chini ya YZ450F kwa zaidi ya dola 1,000. Inakosa ile heshima ya picha ukutani, lakini Jumapili inawaka.

Jambo hili linagusa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani. Nenda Garuga, njia ya Entebbe, au Jamhuri pale Nairobi, siku ya mashindano. Watoto wanaanza na pikipiki za 50, wanapanda 65, kisha 85. Zote tustroki. Wanajifunzia hapo klachi, gia na subira, na baba au fundi wa familia anazimudu. Wakifika 125 bado wako nyumbani. Hatua inayofuata ndiyo mtego. Kwa kanuni za dunia, daraja la MX2 linataka 125 ya mipigo miwili au 250 ya mipigo minne. Mwenye 125 anajua atamezwa. Mwenye kutaka ushindani anunue ile ya valvu za titani, ailete kwa meli, alipie ushuru, na ikipasuka asubiri spea kutoka ng'ambo. Ukimpoteza kijana wa miaka 16 hapo, mara nyingi ni mfuko wa nyumbani ulioishiwa, wala hakukosa kipaji.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Vilabu na vyama vya nchi viruhusu tustroki ya 250 ikimbie pamoja na ya mipigo minne ya 250 kwenye mbio zao za ndani. Baadhi ya mashindano ya ridhaa Marekani na Ulaya yameshafanya hivyo na mchezo haujafa. Watakaolalamika kwamba ina nguvu kupita kiasi wamwangalie anayeiendesha dakika ya ishirini, mikono imekufa ganzi na nguvu yote ile inamgeuka yeye mwenyewe. Na akikwenda mashindano ya Afrika atafuata kanuni za FIM kama kawaida. Ila kwao, kwenye udongo wao, kwa nini kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya viwanda vya Japani imfungie mtoto wa fundi?

Yamaha yenyewe mwaka 2022 ilileta YZ125 iliyosanifiwa upya, injini mpya, ikiwa bado na kabureta na bado inawashwa kwa kiki. Kampuni ileile iliyompa Henry trekta lake pale Las Vegas.