Namba Mlangoni Sawa, Lakini Daftari Linalala Wapi?

Mwambie mtu wa bodaboda akuletee mzigo ndani ndani huko Mvindeni uone vile mtaongea. "Ukitoka barabara kubwa ya Ukunda, ingia hapo kwa duka la M-Pesa. Si lile la kwanza, lile la pili. Pita mwembe. Ukiona geti jeusi ushapita, rudi." Dakika ishirini mko kwa simu, chipsi zishapoa. Hiyo ndiyo anwani yetu: duka, mwembe na maelezo.

Kwa hivyo nisikie vizuri kabla hujanirukia. Mimi nataka barabara zetu zipewe majina na nyumba zipewe namba. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku kule Mwabungo, na gari la wagonjwa linatoka hospitali ya Msambweni, dereva hafai kuwa anatafuta mwembe gizani. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwa daftari.

Manake namba haiji peke yake. Kazi kama hii ikifanywa, mtu anakuja mlangoni na anaanza: jina la mwenye nyumba, kitambulisho, simu, mko wangapi, mnakodi ama ni kwenu? Anapiga picha ya geti, na simu yake inashika pale pale mlipo kwa ramani. Kibao kinabaki ukutani. Hayo mengine yote anaondoka nayo. Yanaenda wapi? Nani anayafungua? Yanakaa miaka mingapi?

Sitoi maswali haya hewani. Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kwa ofisi fulani huku Pwani Kusini, siitaji. Mlangoni kuna kaunta buku, imefunguliwa wazi kama menyu ya hoteli. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na unakokaa. Mimi nikiandika yangu nasoma za watu kumi juu yangu bila hata kutaka. Jioni ile ile binamu yangu akaanza kupata meseji: "Mambo mrembo, nilikuona leo pale ofisini." Alimblock, akaja na laini nyingine. Akamblock tena, akaja na ya tatu. Mwishowe binti wa watu ndiye aliyebadilisha laini, si huyo jamaa.

Sasa chukua daftari lile lile, uongeze namba ya nyumba, picha ya geti na alama ya ramani. Yule jamaa hangekuwa na haja ya kutuma meseji. Angekuja kubisha hodi.

Na ukidhani ni vituko vya kijijini tu, kumbuka Juni 2021. Wakenya waliingia kwa mfumo wa Msajili wa Vyama vya Kisiasa kuangalia majina yao, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Mtu alikuwa na jina lako na namba yako ya kitambulisho, akazitumia. Uchaguzi wa 2027 uko njiani, na orodha inayoonyesha nani anakaa wapi, mtaa kwa mtaa, ni mali moto kwa mtu wa kampeni. Ni mali moto zaidi kwa dalali wa mashamba. Sisi ni Kwale, tunajua ni familia ngapi zimekaa mahali tangu enzi za babu na hati hawana. Orodha ya nyumba za "kwetu, lakini hakuna karatasi" ikiangukia mkono mbaya, hiyo si anwani tena.

Halafu kuna majirani zetu. Wamakonde walitoka Kwale wakatembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa raia. Wapemba wa huku wakangoja mpaka 2023. Mtu aliyeishi maisha yake yote bila kitambulisho, akiona kijana na fomu mlangoni, hafikirii gari la wagonjwa. Anafikiria kufukuzwa. Ukitaka ajibu kwa roho safi, mweleze kwanza.

Na kueleza si hisani. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema kabla hujachukua habari zangu unipe sababu, uniambie utampa nani mwingine, utazilinda vipi, na kama ni lazima ama ni hiari. Nina haki ya kuona ulichoandika na kukirekebisha. Zikivuja na kuna hatari ya mtu kuumia, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Serikali kuu yenyewe iligongwa kwa mambo haya: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu hawakufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu. Kama Nairobi ilirudishwa darasani, kaunti ni nani?

Angalia hapo ng'ambo ya Lunga Lunga. Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti. Sheria yao ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaanza kazi Mei 2023. Wenzetu namba zilitangulia sheria. Sisi sheria imetangulia namba kwa miaka. Kisingizio hatuna.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Kwani wewe una nini cha kuficha?" Ndugu yangu, bafu lako lina mlango. Unaficha nini humo? Nikimpa mwenye boda lokesheni yangu, nimempa yeye, kwa mzigo ule, siku ile. Sikumpa aibandike kwa kundi la WhatsApp.

Wengine watasema kaunti haina pesa za mambo makubwa. Haya nayo ni makubwa? Funga kaunta buku. Usiulize kitambulisho kama unachohitaji ni kujua nyumba iko wapi. Tenganisha orodha ya namba za nyumba, ambayo iwe wazi kwa kila mtu, na majina ya watu, ambayo yawe na kufuli na mwenye ufunguo anayejulikana. Andika karatasi moja ya Kiswahili, na ya Kidigo pia, mtu aisome mlangoni kabla hajajibu. Gari la wagonjwa linahitaji kujua nyumba namba 14. Halihitaji kujua namba 14 analala nani.

Kwa hivyo siku wakibisha hodi kwenu, Gombato, Bongwe, Kinondo, popote, wakaribishe. Wape maji, jua ni kali. Halafu kabla hujataja jina lako uliza: hii ni ya nini, inaenda kwa nani, inafutwa lini, na nikitaka kulalamika naenda wapi? Akiweza kujibu, mwandikishe mpaka paka.

Akishindwa, mwambie arudi akishajua. Kwenu anapajua, si ashafika.