MIZANI YA DUKANI NA MIZANI YA BANDARINI



Wako watakaouliza: mtu wa Unguja ana haja gani na Bukoba, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria? Twawajibu: maji ni mamoja, na msiba ni mmoja.

Bukoba ndio makao makuu ya Kagera. Kahawa ya Wahaya hukusanywa huko. Watu wa Muleba na visiwa vyake huutegemea kwa soko, hospitali na afisi. Na aendaye Uganda kwa njia ya Mutukula huanzia huko safari yake. Mji kama huo wastahiki kulindwa. Je, umelindwa?

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka mji huo kwenda Mwanza, ilipinduka ikaangamiza mamia ya watu. Ilipakia kupita kiasi, na orodha kamili ya abiria haikuwako. Waokoaji wakaitoboa, hewa ikatoka, nayo ikazama pamoja na waliokuwa wakigonga ndani. Tume ikaundwa, ripoti ikaandikwa.

Ripoti hiyo ilimfaa nani? Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama kwetu, baina ya Unguja na Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara. Vyote viwili vilipakia kupita kiasi. Na ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19, waliowahi mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Serikali itajibu kwamba meli ya Victoria ilitengenezwa ikarudi majini mwaka 2020. Ni kweli, na jema halikanushwi. Lakini meli nzuri haijihesabii abiria wake.

Chuoni tulifundishwa kuwa Mwenyezi Mungu ameteremsha sura kuwaonya wapunjao vipimo. Sisi wenye maduka, mtu akipunja nusu kilo ya sukari hushitakiwa. Basi azidishaye roho za watu melini, mizani yake hukaguliwa na nani?

Hatuombi rambirambi. Twataka kila bandari, Bukoba na Kemondo, Malindi na Mkoani, iwe na hesabu ya kweli ya abiria, mizani ya shehena, na waokoaji waliofunzwa, wenye vyombo tayari. Mvuvi asiachiwe peke yake kazi ya dola.

Mwenye masikio na asikie.